Meno Arobaini na Moja kwa Tisa

Kazi huanza na chaki. Gari limeinuliwa nyuma kwa jeki mbili, na mawe yamewekwa kwenye magurudumu ya mbele lisije likateleza. Fundi aliyelala chini juu ya kipande cha katoni amechora mstari mweupe kwenye propela; mwenzake amechora mwingine kwenye tairi la kushoto. La kulia limeshikiliwa lisigeuke. Tairi la kushoto linazungushwa polepole kwa mkono, mara mbili kamili, na yule wa chini anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, nusu na kidogo. Hakuna kipimo kingine kilichotumika, lakini wote wawili wameshajua jambo ambalo pengine mwenye gari hajalijua tangu alinunue. Difu yake ni ya meno 41 kwa 9.

Mara mbili, si moja, kwa sababu difu ya kawaida hufidia. Gurudumu moja likizuiwa, la pili hupewa mwendo wote, hivyo huzunguka mara mbili kila krauni ya ndani inapozunguka mara moja. Vijana wanaojifunza kazi kwenye vibanda vya Kawangware, Nairobi, kando ya Naivasha Road, na vile vya Kibera, hufundishwa hesabu hii wakiwa chini ya gari, grisi ikiwa imewafika viwikoni. Ni hesabu iliyopita Detroit, Sochaux ya Ufaransa na Japani kabla ya kufika hapo.

Difu ni lile donge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, lenye gia mbili zinazokutana. Pinioni ni ndogo, nayo hupokea nguvu ya injini kupitia propela. Krauni ni kubwa, nayo hupeleka nguvu hiyo kwenye shafti za magurudumu. Ukigawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni unapata namba moja: 41 kwa 10 ni 4.1, na 41 kwa 9 ni 4.556. Namba ikipanda, gari hupata nguvu ya kuondoka na kupanda, lakini injini hupiga kelele zaidi barabara inaponyooka. Ikishuka, gari hukimbia kwa utulivu na kunywa mafuta kidogo, ila mlimani hulia. Viwanda huepuka kwa makusudi hesabu zisizobakiza, kama 36 kwa 9. Wakichonga 37 kwa 9, kila jino la pinioni litakutana kwa zamu na kila jino la krauni, na yote yatalika kwa usawa badala ya jino bovu kuligonga lile lile siku zote.

Marekani namba hii ilikuwa bidhaa ya kuchagua. Aliyeagiza Chevrolet ya mwaka 1957 yenye giaboksi ya otomatiki aina ya Powerglide alipewa difu ya 3.36, aliyetaka gia za kawaida za mkono alipata 3.55, na aliyelipia gia ya ziada ya mwendo kasi alipata 4.11, kwa kuwa gia hiyo ya juu ingeshusha mizunguko ya injini barabarani. Kufikia miaka ya 1960 fomu za wauzaji zilikuwa na orodha ndefu: kutoka 2.73 kwa watu wa barabara kuu hadi 4.56 kwa wapenzi wa mbio za robo maili. Mteja angeweza pia kulipia difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure kwenye tope. Chevrolet waliiita Positraction, na Pontiac Safe-T-Track. Ford waliandika herufi au tarakimu ya ekseli kwenye bamba la mlangoni, na mpaka leo wakusanyaji wa magari hayo hulisoma bamba hilo kabla ya kulipa hata dola moja.

Fomu hiyo haikuwahi kufika Kibera. Magari yaliyowabeba watu wa Kibera na Kawangware kwa zaidi ya nusu karne yalikuja na namba iliyochaguliwa na mtu mwingine, kwa barabara nyingine na mzigo mwingine. Ndiyo maana uchaguzi ambao Mmarekani aliufanya kwa kalamu, Mnairobi ameufanya kwa spana.

Ardhi yenyewe ndiyo iliyodai hivyo. Kituo kikuu cha reli cha Nairobi kiko mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari, na makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner, yako mita 1,798. Kutoka mjini kwenda magharibi ni kupanda tu. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 huupanda mwinuko huo huo, ikikata katikati ya Kibera kuelekea Kikuyu na ukingo wa Bonde la Ufa. Wanubi walioitumikia King's African Rifles walipokaa kwenye ardhi hii mwanzoni mwa karne ya 20, waliiita kwa neno lao la msitu, na ndiko jina Kibera lilikotoka. Msitu umekwisha zamani, ila mteremko uko pale pale. Isitoshe, kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Gari lililokuwa hodari Tokyo huamka Nairobi likiwa limepungukiwa, hata kabla abiria wa kwanza hajaweka mguu.

Wazungu walowezi walilijua tatizo hili mapema. Serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya gari kwa kanuni iliyoangalia upana wa silinda, kwa hiyo viwanda vya huko vikatengeneza injini zenye silinda nyembamba na magari yaliyokaa chini, yanayofaa vijiji vya Surrey. Kenya ya miaka ya 1920 haikuwa na barabara za namna hiyo. Walowezi wengi wakageukia magari ya Marekani yenye injini kubwa na chasi iliyoinuka, na mafundi wa Kihindi wa Nairobi wakayavua mwili wa kiwandani na kuyajengea sanduku la mbao nyuma, la kubebea magunia, mbwa, bunduki na watumishi. Magari hayo yaliitwa boksibodi. Kabla ya mtu yeyote kuwaza neno matatu, Nairobi ilikwisha anza kulichukua gari la ng'ambo na kulifanya gari la hapa.

Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyopita milioni 15, ilikuwa na krauni ya meno 40 na pinioni ya meno 11, yaani 3.64. Namba hiyo iliwatosha wakulima wa tambarare za Kansas. Kwenye mlima mkali dereva aligeuza gari na kupanda kinyumenyume: gia ya kurudi nyuma ilikuwa yenye nguvu kuliko zote, na petroli, iliyoteremka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake yenyewe, ilifika kwenye kabureta bila shida. Wafanyabiashara wa Marekani hawakuchelewa kuuza dawa. Ekseli ya Ruckstell, yenye gia mbili ndani ya difu moja, ilipata kibali cha Ford na ikauzwa na mawakala wake. Henry Ford mwenyewe, alipotoa lori dogo la Model TT mwaka 1917, alilipa ekseli ya namba inayozidi 7. Fundi yeyote wa Kawangware angemwelewa mara moja.

Mwaka 1926 kampuni ya Packard ilileta mabadiliko ambayo yamo ndani ya karibu kila difu inayofunguliwa Nairobi leo. Kwa msaada wa mashine za Gleason wa Rochester, pinioni ilishushwa chini ya kitovu cha krauni, na meno yakachongwa kwa mpindo maalumu. Gia hizo huitwa haipoidi. Propela ilishuka, sakafu ya gari ikashuka nayo, na mlio ukapungua. Gharama yake ni kwamba meno hayo hayaviringiki tu yanapokutana, bali pia husuguana kwa kuteleza, na bila oili yenye dawa kali ya kuhimili mgandamizo huungua upesi.

Habari ya oili inatupeleka kwa Peugeot. Na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa hakuna gari la zamani lililopendwa na Wakenya kama Pijo.

Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960 ikiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina, lakini chini yake ilibeba ufundi wa kizamani ambao viwanda vingi vilikwisha uacha. Pinioni yake haikuwa pinioni ya kawaida. Ilikuwa parafujo nene ya chuma iliyozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ilikuwa kimya na ngumu kuchoka. Lakini dawa zenye salfa zilizowekwa kwenye oili za haipoidi zingeweza kuila shaba hiyo, kwa hiyo fundi aliyemimina oili yoyote aliyoikuta dukani alikuwa ameliua gari taratibu. Wazee wa kazi hii walijulikana kwa swali la kwanza walilomuuliza mwenye 404: umetia oili gani huko nyuma? Na Peugeot, kama Wamarekani, walitofautisha namba kwa kazi. Gari dogo la abiria lilipata nyuzi 5 kwa meno 21, ambayo ni 4.2. Steshenwagoni na magari ya mizigo yalipata nyuzi 4 kwa meno 19, yaani 4.75. Aliyehamisha ekseli kutoka kwenye pikapu kwenda kwenye gari la nyumbani alikuwa amejaza fomu ya kiwanda kwa mikono yake mwenyewe, miaka mingi baada ya gari kutoka kiwandani.

Sifa za 404 zilitangazwa na Safari Rally. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7 tu. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Pasaka ya 1964 Wamarekani wakaja wenyewe. Kampuni ya Ford ilituma timu ya Mercury Comet iliyoandaliwa na Bill Stroppe wa California, yenye injini za silinda nane za lita 4.7 zilizotangazwa kuwa na nguvu za farasi 271. Miezi michache kabla, Comet za aina hiyo zilikuwa zimezunguka uwanja wa Daytona maili 100,000 kila moja, kwa wastani unaozidi maili 100 kwa saa. Nairobi watu walijipanga kuzitazama. Zilizomaliza mbio zilikuwa mbili tu, mbali sana na ushindi, na kombe likachukuliwa na Ford Cortina ndogo ya Peter Hughes na Billy Young. Mwaka uliofuata Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha tumika. Kisha 404 ikarudi na kushinda mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, mara mbili za kwanza ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania.

Mwandishi wa historia hii hawezi kusema kwamba difu ndiyo iliyoamua mbio hizo. Springi, matairi, bahati na ujuzi wa njia vilikuwa na sauti kubwa zaidi. Lakini watu wa Nairobi waliokuwa wakitafuta gari la kufanyia biashara walikuwa wamejionea wenyewe kwamba nguvu nyingi kwenye karatasi za tangazo hazilitoi gari matopeni, na gari la wastani lililofungwa vizuri hufika.

Wakati huo huo mji ulikuwa unajaa. Mabasi ya Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka 1934, hayakutosha, na wenye magari madogo wakaanza kuwabeba watu kwa siri kwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi. Kwa Kikuyu, mang'otore matatu, na ndiko jina matatu lilikotoka. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo yafanye kazi bila leseni ya uchukuzi wa abiria, na kilichokuwa uharamia kikawa tasnia kwa usiku mmoja. Zilikuwako van za Ford Thames zilizokwisha chakaa. Zilikuwako pikapu za 404 zilizojengewa banda la bati nyuma na mabenchi mawili ya mbao, abiria wakitazamana, magoti kwa magoti. Namba za njia zilirithiwa kutoka kwa mabasi: 46 kwenda Kawangware, 8 kwenda Kibera.

Hapo ndipo hesabu ya difu ilipogeuka kuwa hesabu ya unga na karo.

Chukua 46 ya jioni. Inatoka mjini, inavuka Uhuru Highway na kukutana na Valley Road, ambao ni mlima hasa, si mwinuko wa kuhadithiwa. Gari limejaa kupita kiasi, watu wananing'inia mlangoni, foleni imesimama katikati ya mteremko. Dereva anatakiwa kuondoka kutoka kwenye kusimama, mara kumi, mara ishirini, akiwa na uzito ambao mhandisi wa kiwanda hakuuwazia. Difu ikiwa ya mbio, yaani ya namba ndogo, ni klachi inayolipa. Inateleza, inanuka, na baada ya miezi michache inabadilishwa. Difu ikiwa ya nguvu, gari linaondoka kwa upole na klachi inaishi. Gharama yake iko kwenye mafuta siku gari linapokodiwa kwenda mazishini Kisumu au harusini Nyeri, injini ikiguruma njia nzima. Mwenye matatu alilazimika kujiuliza gari lake linaishi wapi: mlimani au barabara kuu.

Kushuka nako kuna hesabu yake. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na dereva wa asubuhi anayeshuka Valley Road na abiria kumi na wanne analijua hilo kwenye mguu wa breki. Difu ya nguvu humsaidia tena hapo, kwa kuwa injini hushika gari zaidi akiachilia mafuta.

Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968, iliachana na ile parafujo na kuingia kwenye haipoidi. Iliunganishwa Mombasa na Associated Vehicle Assemblers hadi mwaka 2004, na steshenwagoni zake zikatawala safari za mbali kwa miaka mingi. Ndani ya mji, lakini, Wajapani walikuwa wamekwisha ingia. Toyota HiAce na Nissan zilianza kuchukua steji moja baada ya nyingine, hata jina Nissan likawa jina la matatu yoyote ya abiria 14. Zilikuja zikiwa zimetumika, kutoka kwa mwuza samaki, hoteli ndogo au kampuni ya umeme ya huko Japani. Mitumba ya magurudumu, kwa lugha nyingine.

Gari moja la Toyota la umbo lile lile lingeweza kuja na difu tofauti kabisa na la jirani yake: la petroli au dizeli, la otomatiki au la mkono, refu au fupi. Kiwanda kilikuwa na ngazi nzima ya namba: 43 kwa 11, 41 kwa 10, 43 kwa 10, 41 kwa 9, 39 kwa 8, na 41 kwa 8 inayofikia 5.125. Ndani ya chumba cha injini kuna bamba dogo la bati lenye herufi A/TM, na mbele yake msimbo wa ekseli na giaboksi. Anayejua kuusoma hupata ukubwa wa krauni na namba yake bila kuinua gari. Lakini bamba husema lilivyotoka kiwandani tu. Gari likishapita mikononi mwa wamiliki watatu na gereji tano, chaki ni mkweli kuliko bamba.

Kazi yenyewe haina haraka, na atakayeiharakisha atairudia. Shafti za magurudumu huvutwa nje kwanza, propela hufunguliwa, kisha kichwa cha difu hutolewa kizima mbele, kizito kama mfuko wa simiti ulioshikwa vibaya. Krauni na pinioni huzaliwa pamoja: kiwandani husagwa pamoja mpaka meno yao yazoeane, na mara nyingi huandikwa namba moja ya pacha. Kuoanisha krauni ya gari moja na pinioni ya lingine ni kukaribisha mlio usiokwisha. Ndiyo maana mafundi makini hununua kichwa kizima, kutoka kwa wauza spea wa Kirinyaga Road ambako wazee bado hupaita Grogan, na hukikagua kabla ya kutoa pesa. Hupakwa rangi kwenye meno machache, hugeuzwa kwa mkono, kisha alama iliyobaki husomwa. Ikikaa katikati ya jino, vizuri. Ikipanda kwenye ncha au kushuka kwenye shina, pinioni iko mbali mno au karibu mno, na vipande vyembamba vya bati vitaongezwa au kupunguzwa. Mchezo kati ya meno pia hupimwa, kwa saa ya kupimia kwa aliye nayo, kwa kidole kwa aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini.

Mazungumzo ya kawaida kibandani huwa mafupi.

"Fundi, gari inalia nyuma."

"Inalia ukikanyaga mafuta, ama ukiachilia?"

Katika swali hilo moja mna nusu ya utambuzi. Mlio wa kukanyaga na mlio wa kuachilia hutoka pande mbili tofauti za jino. Unaosikika gari likikata kona tu hutoka kwenye gia ndogo za ndani au beringi za magurudumu. Daktari wa hospitali akimuuliza mgonjwa kikohozi chake huja usiku au mchana, anafanya kazi ya namna hiyo hiyo, na hakuna sababu ya kumheshimu mmoja kuliko mwingine.

Kuna mtego mmoja ambao umewagharimu wengi. HiAce nyingine kutoka Japani huendeshwa na magurudumu yote manne. Ukibadilisha difu ya nyuma na kuiacha ya mbele na namba yake ya zamani, ekseli mbili huvutana kama punda wawili waliofungwa kamba moja, mpaka kitu fulani kivunjike. Wengine huondoa propela ya mbele na kumaliza ubishi.

Mwaka 2003 serikali iliingia ndani ya hesabu hii pasipo kuitaja. Kanuni alizotangaza Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, zilileta mikanda, mstari wa njano na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kwa ghafla difu ya mbio ilipoteza nusu ya mvuto wake: kwa nini ununue mwendo usioruhusiwa kuutumia? HiAce yenye matairi ya kawaida ya inchi 14, ikienda kilomita 80 kwa gia ya nne isiyoongeza wala kupunguza, huzungusha injini mara 2,670 hivi kwa dakika ikiwa na difu ya 4.1. Ikiwa na 4.556 huzungusha mara 2,970. Tofauti ya mizunguko 300 haiui injini ya dizeli, na kwenye Valley Road faida yake huhisiwa na kila abiria.

Ila kuna jambo ambalo lingestahili kujulikana na kila mkaguzi wa magari. Kwenye magari mengi ya aina hii, mwendo hausomwi kwenye gurudumu. Husomwa mwishoni mwa giaboksi, kwa kuhesabu mizunguko ya propela. Ukitoa difu ya 4.1 na kuweka ya 4.556, propela huzunguka zaidi kwa kila kilomita, na saa ya dereva husema 80 gari likiwa kwenye 72. Kidhibiti kinachotegemea ishara hiyo nacho hukata mapema. Kinyume chake ni hatari zaidi: difu ya namba ndogo hulifanya gari lifike 89 huku kila kifaa kikishuhudia 80. Kila ekseli inapobadilishwa, hesabu ya kidhibiti inapaswa kupangwa upya. Hili ni suala la roho za watu, na halihitaji mtambo wa bei kubwa. Linahitaji chaki na mtu anayejua kuhesabu.

Matatu za abiria 33 zilizoongezeka baadaye kwenye njia hizi zilibadilisha mambo kwa namna nyingine. Nyingi ni Isuzu zilizounganishwa Nairobi na kampuni iliyoitwa General Motors East Africa, ambayo tangu 2017 ni Isuzu East Africa. Chasi zake ni za lori, na difu zake ni za lori, kwa hiyo hazihitaji kuongezewa nguvu. Mwili wa basi hujengwa juu yake na mafundi wa hapa, pamoja na rangi, taa na muziki. Upande wa magari madogo, Toyota Probox iliyochukua kazi ya steshenwagoni za Peugeot huvutwa na magurudumu ya mbele. Difu yake imefichwa ndani ya giaboksi, na fundi wa ekseli za nyuma hana cha kufungua. Kisha mwaka 2022 mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi, yakiwa na mota inayotoa nguvu yake kubwa tangu gurudumu linapoanza kugeuka. Mlima wa mtu wa petroli si mlima ule ule kwa mota hiyo.

Hata hivyo HiAce bado zipo, na pikapu zipo, na malori ya mchanga ya dabo difu yanapita Naivasha Road kila asubuhi. Nyuma ya vibanda vingi huwa kuna vichwa vya difu vilivyopangwa chini kama mafuvu, vimefungwa makaratasi ya nailoni mvua isiingie. Kila kimoja kimeandikwa kwa rangi nyeupe: 41/10, 43/10, 41/9. Mteja wa Kawangware huonyeshwa cha mwisho kwanza. Kikishafungwa na oili kutiwa, gari hushushwa kutoka kwenye jeki, fundi huketi nyuma kabisa, karibu na ekseli, na dereva huambiwa asiwashe muziki. Wanapanda hadi Dagoretti Corner, wanageuza, wanashuka, wanapanda tena. Fundi amefumba macho, akisikiliza.